Springi Nilizofunga Mwenyewe, Kutoka Tumbi Hadi Chole

Habari za safari yetu ya Chole zimewafikia vipande vipande, na kila mmoja wenu ana kipande chake. Mmoja ameniuliza kama ni kweli tulipinduka. Mwingine amempigia mke wangu simu na kumpa pole ya jambo ambalo halikutokea. Naona bora niandike yote mara moja, kwa mpangilio wa njia tuliyopita, halafu msiniulize tena. Sitajitetea. Pale nitakapoonekana mpumbavu, ndivyo nilivyokuwa.

Uani kwetu, Tumbi

Mama mkwe wangu, Bi Tatu, aliteleza jikoni kwake Chole, kijijini Kisarawe, akavunjika nyonga. Akaletwa Kibaha, akapasuliwa, akafungwa chuma ndani, akalazwa wiki tatu. Siku ilipotajwa ya kutoka, muuguzi alimwambia mke wangu, Zuhura, jambo moja akalirudia mara mbili: mgonjwa huyu asafiri amelala, na asirushwerushwe.

Gari tunalo, lakini mnalijua. Nyuma lilikuwa limekaa chini kama kuku anayetaga, na kila tuta lilikuwa linagusa tumbo. Fundi Mbwana, ambaye gereji yake iko hatua chache kutoka kwetu, alilitazama akasema springi za nyuma zimechoka. Zuhura akaniagiza nikanunue mpya nimpelekee Mbwana azifunge. Alilisema hilo la Mbwana kwa mkazo, kwa sababu anakumbuka nilivyotengeneza pasi, na nilivyotengeneza pampu ya maji.

Springi nilinunua. Kwa Mbwana sikwenda.

Mimi ni mtu wa masijala, kazi yangu ni mafaili. Kwetu ni Kondoa, na kwa ukoo wa mke wangu nimekuwa mkwe kwa miaka kumi na miwili bila kufanya kwa mikono yangu kitu chochote cha kuonyesha. Wanaume wa kule wanapanda mikorosho, wanaezeka, wanachimba visima. Mimi nikienda hupewa kiti. Nikawaza: nitamfikisha mama yao nyumbani salama, na tukishakula nitasema taratibu, kama jambo dogo, kwamba zile springi nimefunga mwenyewe. Niliyarudia maneno hayo kichwani hadi nikaona wanavyotazamana.

Basi siku moja kabla ya safari, Zuhura akiwa wodini, nikatoa magurudumu ya nyuma uani. Nilipiga jeki, nikaweka matofali chini ya bodi, nikafungua bolti za chini za shokapu, mhimili ukashuka, springi za zamani zikatoka zenyewe. Niliona kazi hii watu wanaikuza bure. Kila springi ina raba yake ya juu na ya chini ya kukalia, nikazitoa nikazifuta vumbi, nikazipanga juu ya tofali. Nikaingiza springi mpya. Bolti za shokapu nilizizungusha kwa vidole tu, maana nilikuwa nimesoma kwamba hukazwa mwishoni, gari likishakaa chini kwa uzito wake.

Hapo simu ikalia. Zuhura alitaka khanga safi na uji, upesi. Nikarudisha magurudumu, nikashusha jeki, nikanawa, nikaondoka. Kutoka nyumbani hadi hospitali ni lami tupu, na gari lilikaa vizuri, nyuma limenyanyuka kama jipya. Zuhura alipotoka na kuliona alitabasamu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa wiki tatu.

"Mbwana amefanya kazi nzuri," alisema.

Nikajibu, "Ndiyo, amejitahidi."

Tumbi hadi Kiluvya

Tuliondoka saa mbili asubuhi. Mama alilazwa kiti cha nyuma, kichwa upande wangu, mito miwili chini ya mguu. Zuhura alikaa mbele akiwa amegeuka nusu, mkono mmoja juu ya goti la mama yake. Barabara kuu ilikuwa na malori kama kawaida, nikaendesha taratibu, na mama akasema gari limetulia kuliko kitanda cha wodini. Nilifurahi kupita kiasi.

Tulipoiacha lami na kushika njia ya vumbi inayokwenda Kisarawe, nikasikia ko. Halafu ko, ko. Nikapandisha sauti ya redio.

Mama akasema, "Baba, nyuma huku kuna kitu kinagonga."

"Ni jeki, mama. Imelegea kwenye buti."

Zuhura akazima redio. Tukasikiliza wote. Kila shimo lilijibiwa na chuma, na kila chuma kilipogonga, mama alivuta pumzi kwa meno. Hakulalamika. Mbele ya mkwewe Bi Tatu hajawahi kulalamika. Alishika khanga yake kwa vidole akaikunja.

Zuhura akaniambia nisimame. Akatoa simu, akampigia Mbwana, akaweka sauti ya nje.

"Fundi, umetufungia nini kwenye gari hili?"

"Gari gani, dada?"

"Letu. Springi ulizofunga jana zinagonga kama nyundo, na mama yangu yumo ndani na nyonga yake."

Nilisikia mtu akigonga bati karibu naye.

"Mumeo, Baba Nasra, yupo hapo?"

"Yupo."

"Ananisikia?"

"Anakusikia."

Akasubiri. Nilijua anamsubiri nani. Nilikuwa nimesimama mkono juu ya buti, na mdomo ulikuwa wangu, hakuna aliyeufunga. Niliangalia mikorosho ya ng'ambo ya barabara.

"Basi poleni, dada," Mbwana akasema. "Nendeni polepole sana, muwashe indiketa za pande zote ili wa nyuma wawapite. Nina gari la mtu nimelifungua, nikimaliza nachukua bodaboda nawafuata."

Zuhura akakata simu. "Angalau ana adabu ya kuomba radhi," alisema. Kisha akanitazama. "Na wewe hukusimama kumwangalia anavyofanya kazi?"

Nikasema nilikuwa ofisini.

Kisarawe mjini

Tulifika Kisarawe saa nne, tumechoka kama watu waliotembea. Tukasimama kwa mama lishe mmoja aliyekuwa na mihogo ya nazi bado inatokota. Mama hakuweza kushuka, kwa hiyo yule mama lishe alileta sahani hadi mlangoni, akainama, akamlisha vipande viwili kwa mkono wake kana kwamba wanajuana.

"Anatoka kupasuliwa?" aliniuliza.

"Ndiyo."

"Na wewe ni mwanawe?"

"Mkwewe."

"Una bahati, mama," akamwambia Bi Tatu. "Wakwe wa siku hizi wanatuma nauli tu."

Mama akasema kwa sauti ya chini, "Huyu ni mtoto wangu." Niliuacha muhogo, nikanywa maji.

Nilipendekeza tumngoje Mbwana pale. Mama akakataa. Alisema jua likipanda, ndani ya gari patakuwa tanuri, na yeye anataka kulala kitandani kwake. Zuhura akampa vidonge vya maumivu. Kwa sababu ya vumbi na jua, akamfunika shuka jeupe kutoka kichwani hadi miguuni, akaacha tundu dogo upande wa pua. Mama akalala.

Kisarawe hadi Masaki

Kipande hiki ndicho kilicholeta yote, na sikukielewa nilipokuwa ndani yake.

Nilikwenda mwendo wa mtu anayetembea. Indiketa zilikuwa zinawaka pande zote. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na mtu amelala amefunikwa shuka jeupe. Mke wangu machozi yalikuwa yanamtoka, kwa sababu kila chuma kilipogonga alikuwa anakisikia mwilini mwake.

Mzee mmoja wa baiskeli alishuka, akavua kofia, akasimama pembeni hadi tukapita. Mbele kidogo wanafunzi wa shule waliacha kucheka wakapanga mstari. Pale Kibuta, wanaume waliokuwa wanapakia mkaa waliweka magunia chini. Nikamwambia Zuhura kwamba watu wa kwao wana heshima kweli, na nikawapungia mkono. Hakuna aliyenipungia.

Masaki nilisimama kuangalia gurudumu. Zuhura akashuka kunyoosha mgongo, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Mwanamke aliyekuwa anauza mananasi akatuangalia, akaacha meza yake, akaja. Alikuwa Bi Pili, aliyewahi kuolewa Chole, na Zuhura alimkumbuka. Nilikuwa nimechuchumaa upande wa pili, na mazungumzo yao niliyasikia neno kwa neno.

"Zuhura mwanangu. Ndiyo hivyo tena?"

"Shikamoo, mama. Ndiyo hivyo."

"Marahaba. Mimi nilisikia amepasuliwa tu."

"Alipasuliwa. Leo wametupa ruhusa, ndiyo tunampeleka nyumbani."

"Leo leo?"

"Leo leo. Mwenyewe alitaka sana nyumbani."

Bi Pili akatazama ndani kupitia kioo, akarudi nyuma hatua moja. "Mungu amempumzisha."

"Eh, angalau sasa amepumzika," Zuhura akasema. "Usiku wa jana aliteseka sana."

Bi Pili akamkumbatia. Akaleta mananasi manne, akakataa kabisa kuchukua fedha. Nikamshukuru. Akanishika bega akaniambia nijikaze, mimi ndiye mwanaume. Nilidhani anazungumzia gari.

Mtaroni, kabla ya Maneromango

Saa saba hivi, mahali ambapo mvua imekata barabara na kuacha mtaro, gurudumu la nyuma la kushoto lilishuka, ikalia sauti kama ya sufuria kuanguka, na gari likakaa ubavu. Mama akaamka akapiga kelele moja fupi. Hiyo kelele bado ninayo.

Nilichungulia chini. Bolti ya shokapu haikuwepo. Springi ilikuwa imechomoka mahali pake na kulala kwenye majani, bado ina rangi yake ya dukani. Mtandao wa simu haukuwepo pia. Tulimnyanyua mama pamoja na godoro dogo tulilokuwa nalo, na watu wawili waliokuwa wanatoka shambani walitusaidia kumlaza kivulini. Zuhura akamkatia nanasi, akamlisha vipande vidogo.

Mbwana alifika saa nane, amejaa vumbi hadi kwenye kope, begi la spana mgongoni. Kabla hajashuka vizuri kwenye pikipiki, Zuhura alimwendea.

"Fundi, angalia mama yangu amelala wapi. Mwangalie."

Mbwana akamtazama Bi Tatu, akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Pole na njia."

"Nimekosea, dada," Mbwana akamwambia Zuhura. Halafu akapiga jeki, akaingia chini ya gari.

Nikaingia naye. Tulikuwa tumelala chali, vichwa vyetu vimekaribiana, na aliongea kwa kunong'ona.

"Hii bolti ilikazwa na nini?"

"Vidole," nikasema.

"Na raba ya juu ya springi hii?"

Nikaanza kuhesabu kichwani nilichoweka na nilichoacha. "Nadhani ipo nyumbani. Juu ya tofali."

Hakucheka. Alitoa kisu, akakata kipande cha tairi chakavu alichokuja nacho, akakikunja kwenye kichwa cha springi, akaiingiza, akaizungusha hadi ncha yake ikakaa kwenye kituo chake. Akatafuta bolti nyingine begini. Akashusha gari kwanza, kisha akalala tena chini akakaza bolti zote mbili kwa spana ndefu hadi mishipa ya shingo ikamsimama. Mimi nilishika tochi, mchana kweupe, kwa sababu nilitaka kushika kitu.

"Mbwana," nikamwambia, "nitamwambia."

"Sawa," alisema. Akatulia, spana mkononi, kama mtu anayesubiri.

Zuhura alikuwa hatua tano kutoka pale. Nikasema, "Tumpandishe mama, jua limekwenda."

Chole

Gari halikugonga tena, na mama, aliyefunikwa tena shuka lake kwa sababu ya vumbi, akalala. Mbwana alimruhusu dereva wa bodaboda arudi, akapanda nasi, akajibana sakafuni karibu na mguu wa mama ili aushike usitikisike. Tuliingia Chole saa kumi na nusu.

Nyumbani kwa Bi Tatu kulikuwa na watu wengi mno. Mikeka ilikuwa imetandikwa uani. Masufuria makubwa yalikuwa motoni. Wanawake walipoliona gari wakaanza kulia, kilio kile cha pamoja kinachopanda, na wanaume wanne wakatoka msikitini wamebeba jeneza tupu wakaja nalo moja kwa moja kwenye mlango wa gari. Zuhura akashika kifua. Alidhani ni mjomba wake aliyekufa, Mzee Kondo, kaka pekee wa Bi Tatu. Lakini Mzee Kondo alikuwa anakuja mbele ya lile jeneza, peku, bila fimbo yake, uso umevimba.

Alifungua mlango mwenyewe. Akaweka mkono juu ya shuka.

Mama akafunua uso. "Kaka," akasema, "nani amekufa?"

Waliokuwa karibu walirudi nyuma kwa pamoja. Mtu mmoja aliachia pembe ya jeneza. Mzee Kondo hakukimbia. Alikaa chini kwenye mchanga, miguu imenyooka kama mtoto, akaushika mlango wa gari, akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu wa umri wake.

Ilichukua muda kueleweka. Bi Pili alikuwa amepiga simu kutoka Masaki. Walijaribu kutupigia, hatukupatikana, na simu isiyopatikana siku kama ile wanaihesabu kuwa jibu. Mzee Kondo alikuwa ameagiza kaburi lichimbwe ili dada yake asilale bila kuzikwa.

Watu wakaanza kutafuta mkosaji. Mmoja akamlaani Bi Pili. Zuhura akanyoosha kidole.

"Bi Pili hana kosa. Mkosaji huyu hapa. Huyu fundi ndiye aliyefunga springi vibaya, tukaenda kama tunabeba maiti."

Vijana wawili wa ukoo wakamsogelea Mbwana. Mmoja akamshika ukosi. Mbwana aliweka begi lake chini, akanyoosha mikono, akanitazama mimi. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayetazama saa.

"Mwachieni," nikasema.

Hawakusikia. Nikasema tena, kwa sauti. "Mwachieni. Springi nimefunga mimi. Mbwana hakuligusa gari hili hadi leo mchana, kule mtaroni. Nilimdanganya Zuhura. Kiluvya nilimsikia akilaumiwa nikanyamaza, na mtaroni nikanyamaza tena."

Yale maneno niliyokuwa nimeyaandaa kwa ajili ya uani ule, kwamba springi nimefunga mwenyewe, niliyasema pale pale nilipopanga kuyasema, na watu walitazamana kama nilivyowaza watatazamana. Zuhura alimwendea Mbwana, akapiga goti moja mbele za watu, akamwomba radhi. Hilo liliniumiza kuliko kofi.

Mzee Kondo alinyanyuka, akajifuta mchanga.

"Mkwe," alisema, "kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Nenda kakate mgomba."

Makaburini

Ndivyo wazee wa pale wanavyoamini, na mimi sikuwa na nafasi ya kuuliza. Nilikata mgomba nyuma ya nyumba, nikaubeba begani, maji yake yakinichuruzika mgongoni. Mbwana alinifuata bila kuitwa, akachukua jembe la pili. Tukaulaza mgomba ndani, tukaanza kurudisha udongo.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza. "Kiluvya ungesema tu, neno moja."

"Mama mkwe wako alikuwa anasikiliza," alisema. Akatupa majembe mawili matatu ya udongo. "Nikajua ukiaibishwa na mimi mbele yake hutakaa uinue kichwa. Ukisema mwenyewe utainua. Basi nikawa nasubiri useme."

"Umesubiri siku nzima."

"Siku nzima," akakubali. "Na niseme kweli, Baba Nasra, kule mtaroni nilikaribia kuchoka."

Tuliporudi walikuwa wanagawa wali. Ulikuwa umeshapikwa, na hakuna aliyejua ule ni wali wa nini sasa. Bi Tatu, akiwa kitandani kwake, mlango wazi, aliagiza aletewe sahani ya kwanza. Alisema wali wa msiba wake atauanza yeye. Watu wakacheka, kwanza kwa woga, kisha kweli. Mbwana aliwekwa kwenye kiti ambacho kwa miaka kumi na miwili nimekuwa nikiwekwa mimi. Nilikaa mkekani karibu na mlango, nikala nikiangalia sahani.

Mama akaniita. Niliingia, nikachuchumaa mbali kidogo na kitanda kama inavyopasa, macho chini. Nilikuwa na maneno ya kuomba radhi, marefu, nikaanza nayo. Akanikatisha.

"Baba, umetoka huko makaburini?"

"Ndiyo, mama."

"Walikuwa wamelifikisha wapi?"

Sikuelewa. Nikanyanyua macho.

"Hilo shimo. Lilikuwa la kina gani?"

Nikaonyesha kifuani kwangu.

Nje Mzee Kondo alikuwa anamwita mtu alete maji ya kunawa, na sauti yake bado ilikuwa imekauka kwa kulia.

"Wamenichimbia hadi hapo kwa mchana mmoja," mama akasema. "Na udongo wa kule ni mgumu." Akageuza uso ukutani, akavuta khanga hadi shingoni. "Haya, nenda ukamalize kula. Na fundi mwachie godoro zuri."